Alama ya Vema Kwenye "Amefunga"

Nina miaka ishirini na tisa na nimestaafu. Ndivyo wenzangu wa maabara walivyoandikisha kwenye keki: "Hongera kwa kustaafu, Dada Rudia." Mwoka keki aliuliza kama huyo dada bado ana meno ya kuilia. Ukweli ni kwamba baada ya miaka kumi nimeacha meza yangu ya msaidizi wa maabara hapa Bariadi, nikakae darasani Mwanza na vijana waliomaliza shule juzi, nisomee kwa utaratibu kazi ambayo nimejifundisha mwenyewe kwa kuchungulia. Lakini neno kustaafu nimelipenda. Linaniruhusu kufanya wanachofanya wastaafu, yaani kuwaelezea wengine kazi bila kukatizwa. Leah na Shija, mnaochukua meza yangu, haya ni yenu.

Jina la Rudia sikupewa kwa heshima. Nilipewa kwa sababu nilirudia kila kipimo. Kalsiamu ikitoka sawa, nilirudia kuhakikisha kwamba ni sawa kweli. Nyumbani nilikuwa nafunga mlango, nafika barabarani, narudi kuutikisa. Nasema haya mapema ili mkifika kwenye kosa langu kubwa muelewe lilinikuta mtu wa aina gani. Halikumkuta mzembe. Lilimkuta mwoga wa makosa, na ndiyo maana liliniuma zaidi.

Niliingia maabara nikiwa na miaka kumi na tisa, kuosha vioo. Siku ya kwanza Bi. Zainabu, mtaalamu wetu mkuu, mama wa Pangani aliyehamishiwa huku zamani na asiyechoka kulalamikia vumbi letu, alinionyesha madumu mawili. "Hili maji ya kisima, la kusugulia. Hili maji yaliyotoneshwa, hayana chumvi hata chembe, la kusuuzia mwisho. Umeelewa mwanangu?" Nilielewa. Ila nilipomaliza kusuuza nikaona vioo havijang'aa kama nilivyotaka, nikavisuuza tena kwa maji ya kisima, mengi, kwa upendo.

Kesho yake asubuhi kila mgonjwa wa Bariadi alikuwa na kalsiamu ya juu. Mzee, mtoto, mjamzito, wote. Bi. Zainabu alitazama majibu, akatazama vioo, akapitisha kidole kwenye ukungu mweupe uliokaukia ndani.

"Nani kawapa watu hawa mifupa ya maji ya kisima?"

Nilitaka kuichana ile karatasi ya daftari la majibu na kukimbia nyumbani kwetu Dutwa. Akanishika mkono, akanipa kalamu. "Maabara hatuchani wala hatufuti. Piga mstari mmoja, kosa lisomeke, andika lililo sahihi pembeni, tia saini yako." Nikapiga mstari, nikatia saini. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yangu ya kwanza kazini.

Baada ya hapo nikaanza kusoma kila kilichoachwa mezani. Karatasi nyembamba zinazokunjwa ndani ya maboksi ya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ambazo wengine hutupa, nilizipeleka nyumbani na kamusi. Kiingereza changu kilitoka humo, ndiyo maana hadi leo najua kusema "hifadhi mbali na mwanga" vizuri kuliko kuomba chai. Bi. Zainabu alinikuta nikinakili. Wiki iliyofuata akaniweka pembeni yake kwenye kutoa damu, chini ya macho yake, na macho yake hayakuwa yakipepesa.

Yeye ndiye aliyenifundisha mpira wa kufungia mkono. Mimi nilifunga na kutafuta mshipa mzuri kabisa, nikiukataa huu na ule, dakika zinapita. "Fungua huo mpira," akasema. "Ukifunga muda mrefu damu inasimama, maji yanatoka, kalsiamu inajikusanya. Utampa mtu ugonjwa kwa kupenda kwako mshipa mzuri." Tangu hapo nahesabu moyoni. Nanyi hesabuni.

Kipimo cha mifupa kilinivutia kuliko vingine, na sababu ni moja. Nilikuwa nimezoea kudhani mfupa ni kitu kama jiwe, ukishaota umeota. Kumbe mfupa unabomolewa na kujengwa kila siku, kimyakimya, kama nyumba ambayo fundi mmoja anatoa matofali ya zamani na mwingine anaweka mapya. Kubomoa kukizidi kujenga, mfupa unakuwa mwepesi, na siku moja mtu anajikwaa kwenye tuta la pamba, mkono unavunjika kama bua. Vile vipande vinavyobomolewa vinaingia kwenye damu. Kipimo kinachoandikwa CTX kwenye fomu kinahesabu hivyo vipande. Bi. Zainabu alikiita kuhesabu kifusi. Hatuoni nyumba, lakini kifusi kinatuambia ubomoaji unakwenda kasi gani.

Hapa kwetu hatuna mashine yake. Kazi yetu ni kutoa damu asubuhi, mgonjwa akiwa hajala, kuiweka kwenye chupa ya kofia ya zambarau, kuizungusha, kuchota maji ya juu na kuyagandisha, kisha kuyapandisha basi la Mwanza ndani ya boksi la barafu. Nimewahi kumpigia kondakta simu mara nne kabla basi halijafika Lamadi. Mara ya nne alisema, "Dada, barafu ipo, boksi lipo, mimi ndiye nayeyuka."

Kulikuwa pia na mtoto wa Maswa mwenye matege. Kimeng'enya kinachoonyesha kazi ya wajenzi wa mfupa kilitoka juu sana, nikarudia mara tatu hadi kitendanishi kikakaribia kwisha. Bi. Zainabu akaninyang'anya pipeti, kile kimrija cha kuchotea. "Mtoto huyu wa miaka miwili, unataka awe na majibu ya babu yako? Watoto wote wajenzi wao wana kelele. Huyu wake wamezidi kwa sababu saruji hawana. Andika, daktari anasubiri." Daktari alimpa vitamini D na kalsiamu. Mwaka uliofuata mama yake alimleta kwa kikohozi, na mtoto alikimbia korido nzima na chupa yangu ya sampuli mkononi.

Jambo jingine la Bi. Zainabu mlijue, kwa sababu ndilo linanileta kwenye kosa. Kwao pwani mtu akiulizwa "umefunga?" anajua anaulizwa kama hajala. Huku alimuuliza mzee mmoja wa Zagayu, "Baba, umefunga?" Mzee akajibu kwa utulivu, "Nimefunga. Ng'ombe wote wamo zizini." Tulicheka wiki nzima. Bi. Zainabu akanigeukia, "Wewe Msukuma mwenzao, kuanzia leo kuuliza ni kazi yako." Kwenye fomu kuna mstari unaosema "Amefunga," na kisanduku cha kuweka alama ya vema. Mimi nikawa nauliza, "Umekula?" Mtu anasema hajala, naweka vema. Niliona nimelimaliza tatizo.

Bi. Zainabu alistaafu, akarudi Pangani. Mimi nilibaki na daftari lisilo na mstari hata mmoja wa kukatwa kwa miaka mitatu mfululizo. Ndiyo, nilikuwa nahesabu.

Kisha akaja mayu Kwandu. Mayu ni mama, ndivyo tunavyowaita kinamama wa umri wake. Alitoka Zagayu, mjane, mkulima wa pamba, mwanamke mrefu aliyeanza kupinda mgongo. Alikuwa amevunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka kidogo tu, na picha ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Daktari wetu, Dk. Lwitiko, kijana wa Mbeya, mpole na mwenye haraka, alitaka kumwanzishia dawa ya kuzuia mfupa kubomoka, kidonge kimoja kwa wiki. Kwanza tupime kifusi, baada ya miezi mitatu tupime tena. Kikishuka, dawa inafanya kazi.

"Mwangaluka mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu," nikamjibu kwamba ni salama tu. "Umekula?"

"Sijakula."

Nikaweka alama ya vema. Nzuri, imenyooka.

Miezi mitatu baadaye alirudi. Safari hiyo alikuwa amelala Bariadi kwa mpwa wake. Nikamuuliza lilelile, akajibu lilelile, nikatoa damu. Majibu yalipokuja kutoka Mwanza, kifusi hakikushuka. Kilikuwa kimepanda. Nilirudia kusoma mara nyingi, kana kwamba namba ingenionea huruma.

Siku ya kupewa majibu alikuja na mwanawe mkubwa, Maduhu. Nilikuwa nimepeleka karatasi chumba cha daktari, kwa hiyo nilisikia.

"Mama," alisema Dk. Lwitiko, "dawa unakunywa kweli?"

"Nakunywa. Kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani."

"Kila Jumapili?"

"Hata Jumapili ya mvua."

"Kabla ya kula?"

"Kabla ya kula."

Daktari akatazama karatasi. "Vipimo vinasema vingine. Kama hunywi, niambie tu, sitakukasirikia. Na kama unakunywa na hali ni hii, basi dawa haikufai, tuiache."

Maduhu akaguna. "Mama, sisi watoto wako tunahangaika kukutafutia hicho kidonge mpaka Mwanza, kumbe unawarushia kuku?"

Mayu Kwandu aliinuka. Alitoka akiwa ameshika ukuta, akaketi kwenye benchi nje ya maabara. Alikuwa halii. Alikuwa amekaa vile mtu anavyokaa akiitwa mwongo mbele ya mtoto wake. Na mimi nilijua jambo ambalo Maduhu hakulijua: dawa ikiachwa, pingili ya pili itafuata ya kwanza, na huyu mama atamalizia miaka yake akitazama ardhi.

Nikamfuata. Sikuwa na la maana la kusema, kwa hiyo nikasema la kawaida.

"Mayu, lakini umekula?"

Alikuwa amefungua fundo la kitenge, anatafuna. "Sijakula tangu jana," akasema, akachukua tobolwa jingine akalitia mdomoni.

Kwa mgeni, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Kwetu kila nyumba inayo. Nilikaa namtazama yale mashavu yanavyokwenda.

"Mayu. Hicho unachotafuna ni nini?"

"Matobolwa duhu."

"Si ndiyo kula huko?"

Akanitazama kama anayemhurumia mtu aliyesoma sana. "Wewe ng'wana wane, mwanangu, umezaliwa wapi? Kula ni ugali. Haya ni ya kuchezesha mdomo."

Nimezaliwa Dutwa. Mama yangu amewahi kunywa uji kikombe kizima, akamega viazi, akaniambia ana njaa hajala kitu tangu asubuhi. Mimi mwenyewe nasema hivyo. Ugali usipoiva, kwetu hakuna aliyekula. Nilikuwa nalijua neno hilo kutoka mgongoni mwa mama yangu, nikaja maabara, nikavaa koti jeupe, nikalisahau.

"Ile siku ya kwanza kuja kutoa damu," nikauliza taratibu, "kabla ya kutoka Zagayu ulipitisha nini mdomoni?"

"Safari ndefu. Maziwa, na haya haya."

"Na ulipolala kwa mpwa wako?"

"Kwa watu utaomba matobolwa alfajiri? Nilitoka mkavu."

"Na kidonge cha Jumapili unakimezea nini?"

Hapo akajivunia. "Maziwa. Kikombe kikubwa, ya moto, kisinichome. Kabla ya kula, kama alivyosema."

Leah, Shija, someni hapa polepole. Chakula hushusha kifusi kwenye damu kwa saa kadhaa. Siku ya kwanza alikuwa ameshiba, kifusi kikaonekana kidogo kuliko kilivyo. Siku ya pili alikuwa mkavu, kikaonekana chote. Hivyo ndivyo namba ilivyopanda. Na kile kidonge, kikikutana na maziwa tumboni, kalsiamu ya maziwa inakishika na hakiingii mwilini hata kidogo. Miezi mitatu mama huyu alimeza dawa yake kwa uaminifu, Jumapili ya mvua na ya jua, na ilikuwa sawa na kuwatupia kuku. Neno moja lilikuwa limeharibu kipimo na tiba, na kwenye fomu chini ya neno hilo kulikuwa na alama yangu ya vema.

Sasa nakiri lililo gumu. Sikwenda kwa daktari mara moja. Niliingia maabara, nikafunga mlango, nikautikisa. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wake. Nikajiambia hakuna atakayejua. Nitamnong'oneza mama aache maziwa, miezi mitatu ijayo majibu yatajirekebisha, na ukurasa wangu utabaki safi. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kuwaambia. Kupitia dirishani nilimwona Maduhu amesimama mbali na mama yake, anaongea na simu, na mama anakunja kitenge chake, anafunga fundo upya, anajiandaa kwenda nyumbani na jina la mwongo.

Nikachukua daftari, nikagonga kwa daktari.

"Majibu ya kwanza ya mayu Kwandu si ya kutegemewa," nilisema. "Alikuwa amekula."

"Fomu inasema amefunga. Nani aliweka alama?"

"Mimi."

Nilimweleza yote, matobolwa, maziwa, ugali. Nilisema haraka sana, nadhani nilirudia. Akaegemea kiti.

"Mimi nimemwambia 'kabla ya kula,'" akasema hatimaye. "Mara tatu. Kwa Kiswahili safi kabisa."

"Amefanya hivyo hivyo, daktari. Amefuata kila neno."

"Mwite."

Mayu Kwandu alipoingia, Dk. Lwitiko alisimama. Kwetu daktari hasimami kwa ajili ya mgonjwa, kwa hiyo hata Maduhu akavua kofia. "Mama, nisamehe. Dawa umekunywa. Sisi ndio hatukukuuliza vizuri."

"Kwa hiyo mimi si mwongo?"

"Wewe si mwongo."

Akamgeukia mwanawe. "Umesikia, au niombe daktari arudie?"

Maduhu alitazama kofia yake. "Nimesikia, mama. Nisamehe."

"Kuku wangu pia uwaombe radhi."

Tulimwelekeza upya, safari hii kwa Kisukuma, nami nikiwa mkalimani. Jumapili ukiamka, kabla ya kitu chochote kupita mdomoni, si uji, si maziwa, si tobolwa hata nusu, meza kidonge kwa kikombe kizima cha maji matupu. Usilale. Kaa wima nusu saa au zaidi, ndipo ule. "Nitakaa wima kanisani," akasema. "Mahubiri yanatosha."

Kisha nikapiga mstari mmoja kwenye alama yangu, kosa likasomeka, nikaandika pembeni "alikuwa amekula," nikatia saini. Mchana nilimpigia Bi. Zainabu Pangani, nikalia kidogo. Aliniacha nimalize. "Umenipigia kunililia au kuniuliza?" Nikasema kuuliza. "Basi uliza, wengine wangapi umewawekea vema?" Swali hilo lilinichukua wiki mbili. Nilipitia daftari, nikampelekea Dk. Lwitiko orodha ya wote waliopimwa kitu kinachotaka tumbo tupu, tukawapigia waliokuwa na simu, na tukawapima tena tuliowapata. Hatukuwapata wote. Hilo linabaki na mimi, na mnaruhusiwa kuniuliza.

Miezi mitatu ikapita. Mayu Kwandu akaja asubuhi, mkavu, midomo imepauka.

"Mwangaluka mayu. Tangu jana jioni, kitu gani kimepita mdomoni?"

"Mate," akasema. "Nayo nilitaka kuyatema, nikaona nitakuwa nazidisha."

Majibu yalipofika kutoka Mwanza, nilikaa nayo kwanza. Kifusi kilikuwa kimeshuka, chini ya nusu ya kile cha safari ile aliyolala kwa mpwa wake. Nilitaka kupiga simu Mwanza warudie. Niliishika simu kabisa. Kisha nikaiweka chini, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, nikapeleka karatasi kwa daktari kama ilivyo.

Mgongo uliopinda haukunyooka, wala pingili iliyobonyea haikuinuka. Msimdanganye mtu kwamba dawa inafanya hivyo. Lakini tangu hapo hajavunjika tena, na msimu huu amelima pamba yake mwenyewe.

Wiki iliyopita, siku ya keki, alikuja kuniaga, na furushi la kitenge. Alilifungua mezani kwangu, pale ambapo sheria inakataza kabisa chakula, nikalihamishia haraka kwenye benchi la nje, tukaketi. Alinipa tobolwa. Nikatia mdomoni, la pili nikashika mkononi.

"Huko Mwanza watakulisha?" akauliza. "Leo umekula lakini?"

"Sijakula, mayu," nikasema, mdomo umejaa.

Alicheka mpaka akashika mgongo, kisha akauachia, akakaa wima.

Daftari liko droo ya pili. Ukurasa wenye mstari msiuchane. Na kwenye fomu, pale palipoandikwa "Amefunga," nimekata kwa kalamu na kuandika swali jipya pembeni. Ulizeni hilo, mwandike jibu lote kama mgonjwa alivyolisema, hata kama ni mate.